Benki imefuta mkopo niliousaini, na makato yameshaanza kwenye mshahara: tujadili haki zetu

Muuguzi wa Buhongwa

Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanza, ni muuguzi wa hospitali binafsi, ajira ya kudumu, na mshahara wangu unapitia benki hiyohiyo ninayoizungumzia. Jina lake silitaji, kwa sababu malalamiko yangu bado yako kwao na ningependa tuzungumze jambo lenyewe.

Niliomba mkopo binafsi wa shilingi milioni 15, marejesho ya miezi 48, riba asilimia 17 kwa salio linalopungua. Ukapitishwa. Nikaitwa tawini, nikasaini mkataba ukurasa kwa ukurasa, afisa mikopo akasaini kama shahidi, meneja wa tawi akasaini kwa niaba ya benki na kugonga muhuri. Fomu ya makato ikapelekwa kwa mwajiri. Nikaambiwa nisubiri siku mbili za kazi, hela itaingia.

Haikuingia. Nikipiga simu naambiwa "iko makao makuu, inashughulikiwa". Nikienda tawini, mara mtandao uko chini, mara aliyeshika faili langu yuko kwenye kikao. Mwishowe afisa akanipigia kuniambia mkopo umefutwa. Kwa nini? "Kuna mambo ya mwajiri wako yanapitiwa upya." Nikaomba barua, hakuna barua. Nikaomba kuongea na aliyefuta, nikaambiwa hayuko Mwanza.

Ingeishia hapo ningesema haikuwa riziki, nitafute kwingine. Lakini mwisho wa mwezi nikachukua slipu ya mshahara. Chini ya PAYE na NSSF kuna mstari ambao mwezi uliopita haukuwepo: MKOPO BENKI, 432,825. Hilo ni rejesho la kwanza kati ya 48, la mkopo ambao sijapokea hata senti moja. Nikafungua programu ya benki kwenye simu. Ipo akaunti mpya yenye jina langu, imeandikwa MKOPO, salio sifuri, na tarehe ya rejesho lijalo imeshawekwa. Kutoa hela wamefuta, kukata hawajafuta.

Jambo la pili ni kiwanja. Kiko Kisesa, upande wa barabara ya Musoma. Muuzaji nilimlipa milioni 4 za awali, tukaandikishana mbele ya viongozi wa eneo, salio nimalize kabla ya tarehe iliyoandikwa, nikishindwa ile ya awali inabaki kwake. Nakala ya makubaliano hayo benki wanayo. Waliitaka wenyewe, na kwenye fomu ya maombi sehemu ya madhumuni ya mkopo imeandikwa kabisa "kununua kiwanja Kisesa". Zile milioni 4 nilizitoa kwenye kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa, na narejesha huko kila wiki.

Msimamo wangu ni huu. Benki ina haki ya kumkatalia mtu mkopo, na imkatalie mapema. Ikishasaini, ikagonga muhuri, ikafungua akaunti ya mkopo na kumwandikia mwajiri wangu anikate, haiwezi kutoka kwenye mkataba kwa simu ya dakika mbili. Kama inatoka, iseme sababu kwa maandishi na ifute kila kilichofanyika kwa jina langu.

Naomba wanaojua wanisaidie: mkataba uliosainiwa na pande zote una nguvu gani kabla hela haijatoka? Na makato haya anayasimamisha nani, benki au mwajiri?

Kijana wa Mkolani

Pole sana dada. Ushauri wangu mmoja tu: acha simu. Andika barua, chapisha nakala mbili, peleka tawini, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na aliyepokea aandike jina lake na tarehe. Wakigoma kugonga, itume siku hiyohiyo kwa barua pepe ya huduma kwa wateja ya makao makuu. Kaka yangu alizungushwa hivyohivyo na mkopo wa kumalizia nyumba Nyegezi. Siku barua ilipoingia na kugongwa muhuri ndiyo siku faili lilionekana.

Mikopo Zamani

Mleta uzi, nimewahi kuwa afisa mikopo, sasa nafanya shughuli zangu. Nikueleze jinsi inavyokwenda ndani, kwa sababu wateja wengi hawaambiwi.

Mkopo una hatua tatu ambazo mteja anaziona kama moja: kupitishwa, kusaini na kutolewa fedha. Anayekuhudumia tawini anaishia kwenye kusaini. Kutoa fedha ni kazi ya kitengo kingine, mara nyingi makao makuu, na kabla ya kubonyeza wanahakiki upya. Wanavuta tena taarifa yako ya mikopo, kwa sababu wapo watu wanaosaini benki mbili kwa wakati mmoja. Wanalinganisha majina na namba ya NIDA, wanaangalia kama ajira yako inafika mwisho wa marejesho. Halafu wanamwangalia mwajiri.

Hapo kwa mwajiri ndipo ninapopashuku kwako. Benki inapokopesha wafanyakazi wa taasisi binafsi huwa ina makubaliano na mwajiri: atakata kwenye mshahara na atawasilisha benki kabla ya tarehe fulani. Mwajiri akianza kuchelewesha kuwasilisha makato ya wafanyakazi wengine, benki inafunga mikopo yote mipya ya taasisi hiyo, hata iliyosainiwa jana. Mfanyakazi hana kosa lolote na hakuna anayemwambia. Tawi nalo linapata ujumbe wa mstari mmoja, ndiyo maana afisa wako hana cha kukueleza.

Kuhusu makato kuanza: fomu inapelekwa kwa mwajiri mapema ili mwezi usipite. Mkopo ukifutwa, tawi linatakiwa limwandikie mwajiri asimamishe. Hiyo barua ndiyo inayosahaulika, maana hakuna anayepimwa kwa barua za kusimamisha. Anapimwa kwa mikopo aliyotoa.

Nenda kurasa za mwisho za mkataba wako, utakuta kifungu kinachosema benki inaweza kusitisha kabla ya fedha kutolewa. Kisome neno kwa neno, halafu kiandike hapa.

Muuguzi wa Buhongwa

Mkuu Mikopo Zamani, asante sana, umenifungua macho. Nimekikuta. Kinasema benki inaweza kufuta au kusitisha mkopo kabla ya fedha kutolewa "endapo kutatokea mabadiliko yanayoathiri uwezo wa mkopaji kulipa".

Nimeenda pia ofisi ya utumishi kazini. Mhasibu wa mishahara hakunificha: makato ya mikopo ya miezi ya karibuni yalichelewa kupelekwa benki kwa sababu malipo ya bima za afya yalichelewa kuingia hospitali. Kwa hiyo ulivyosema ndivyo ilivyo.

Sasa nauliza: uwezo wangu mimi wa kulipa umebadilika wapi? Mshahara ni uleule, ajira ni ileile, sina deni jipya. Aliyechelewa ni mwajiri, kifungu kinamtaja mkopaji.

Ngosha wa Buzuruga

Dada pole, lakini niseme ninachoamini. Fedha ni za benki, tena ni amana za watu wengine. Wakiona hatari kabla ya kutoa wana wajibu wa kujizuia. Wangekupa, mwajiri asipeleke makato, leo ungekuwa unaandika uzi mwingine kwamba umewekwa kwenye orodha ya wadaiwa sugu wakati umekatwa kila mwezi. Hilo nimelishuhudia kwa watu wa kiwanda kimoja hapa mjini. Makato warudishe, hilo halina mjadala. Ila kulazimisha benki ikupe hela ambayo haitaki kutoa, sioni mahakama ikifanya.

Wakili Kanda ya Ziwa

Nimesoma kwa makini. Nachangia kwa ujumla, mkataba wenyewe sijauona.

Swali la kwanza ninalomuuliza kila anayekuja na jambo hili: nani alisaini mwisho? Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 5, anayetoa pendekezo anaweza kuliondoa wakati wowote kabla ya kukubaliwa kwake kukamilika dhidi yake, baada ya hapo hawezi. Barua ya benki uliyosaini wewe peke yako, ikiwa imeandikwa kwamba itakuwa na nguvu benki ikishasaini, bado haijamfunga mtu. Mleta uzi anasema meneja alisaini kwa niaba ya benki na kugonga muhuri mbele yake. Kwa maelezo hayo huo ni mkataba, na kifungu cha 10 kinaupa nguvu ya kisheria. Kwa hiyo hoja ya "mkopo haujaanza kwa kuwa hela haijatoka" siikubali. Kutoka kwa hela ni utekelezaji wa mkataba, na mkataba unakuwepo kabla ya utekelezaji wake.

Ngosha ana hoja kwenye jambo moja. Mahakama kwa kawaida haimlazimishi mkopeshaji kutoa mkopo. Msimamo huo ni wa zamani sana, ulithibitishwa Uingereza mwaka 1898 katika shauri la South African Territories dhidi ya Wallington, na kanuni za Uingereza zilizokuwepo hadi tarehe 22 Julai 1920 bado zinatuongoza pale ambapo sheria zetu wenyewe hazina jibu. Kinachopatikana ni fidia.

Na fidia iko kifungu cha 73. Unafidiwa hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwa mkataba, au hasara ambayo pande zote zilijua wakati wa kuingia mkataba kwamba inaweza kutokea. Hapa ndipo ile sehemu ya "madhumuni ya mkopo" ina thamani kubwa kuliko watu wanavyoifikiria. Wengi wanajaza "matumizi binafsi" ili wamalize fomu haraka. Mtu wa namna hiyo akipoteza malipo ya awali ya kiwanja, benki itasema haikuwa na habari za kiwanja. Wewe benki ilikuwa na jina la eneo, nakala ya makubaliano, na tarehe ya mwisho ya kumlipa muuzaji. Ilijua. Hifadhi nakala ya fomu hiyo kama unavyohifadhi cheti chako cha uuguzi.

Kifungu cha kusitisha ndicho benki itakachojificha nyuma yake. Mahakama huheshimu walichokubaliana watu, kwa hiyo usikidharau. Lakini kifungu chenye utata husomwa dhidi ya aliyekiandika, na chako kinasema "uwezo wa mkopaji". Kama kingesema "wakati wowote na kwa sababu yoyote" ningekwambia kwa huzuni uache. Hiki kinabishaniwa.

Mwisho, makato. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inamzuia mwajiri kukata mshahara isipokuwa sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mahakama au mambo ya namna hiyo yameruhusu, au mfanyakazi amekubali kwa maandishi kukatwa kwa ajili ya deni. Uliposaini fomu ulikubali kukatwa kwa ajili ya deni. Deni halipo. Mwandikie mwajiri leo kwamba unaondoa ridhaa yako, ambatisha taarifa ya akaunti inayoonyesha hakuna fedha iliyoingia. Usisubiri benki ndiyo imwandikie.

Mvuvi wa Ukara

Nami nichangie kwa sababu yamenikuta, ingawa mimi si mtu wa mshahara. Niliomba mkopo kwa dhamana ya nyumba ili ninunue injini ya mtumbwi, tunavua dagaa. Nikasaini, mke wangu akasaini ridhaa ya mwenza, hati ya kiwanja wakabaki nayo wao. Wanaojua dagaa wanajua tunavua kwa giza, mwezi ukiwa mkubwa tunakaa nchi kavu. Nilipanga injini ifike kabla ya giza kuanza, nikawa nimeshatafuta na vijana wa kwenda nao. Siku ya kupewa hela nikaambiwa mthamini amepitia upya, nyumba haifiki thamani. Ni mthamini huyohuyo aliyekuja mara ya kwanza.

Giza lile likapita mtumbwi uko ufukweni. Lakini lililonitesa zaidi ni hati. Kila nikivuka kwenda Mwanza, hati iko makao makuu. Mkopo hawajanipa, dhamana wameishikilia, na mtu mwingine aliyekuwa tayari kunikopesha alitaka hiyohiyo hati. Niliipata baada ya mwanangu kuandika barua yenye maneno mawili tu ya maana: "sidaiwi" na "nirudishieni". Kwa hiyo dada, kama uliacha kitu chochote cha asili pale, cheti, hati, barua ya mwajiri, kitaje kimojakimoja kwenye barua.

Mwalimu wa Magu

Poleni nyote. Samahani naomba kuuliza jambo linalofanana. Mimi ni mtumishi wa serikali, mkopo wangu nimeombea kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa serikali, mwajiri amepitisha, benki imepitisha, halafu benki ikanirudishia kwamba sikidhi. Kati ya kuomba na kupitishwa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu wameanza kunikata. Inawezekana ndiyo sababu?

Mikopo Zamani

Mwalimu, bila shaka ndiyo. Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na mtumishi anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Ulipoomba ulikuwa na nafasi, Bodi walipoingia nafasi ikapungua. Omba kiasi kidogo zaidi au muda mrefu zaidi ili rejesho lishuke, kama umri wa kustaafu unaruhusu. Hiyo ni tofauti na ya mleta uzi, kwako kweli uwezo wa mkopaji umebadilika. Ila hata wewe una haki ya kuandikiwa hivyo, usiambiwe tu "hukidhi".

Ngosha wa Buzuruga

Wakili, nimekusoma na nimekuelewa kwenye fidia. Ila nina wasiwasi na wanaosoma hapa wakadhani ni kazi rahisi. Nani ataacha zamu hospitali akahangaike mahakamani kwa milioni 4?

Wakili Kanda ya Ziwa

Wasiwasi wako ni wa haki, ndiyo maana siishauri mahakama kama hatua ya kwanza. Kuna Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha. Utaratibu wake ni kwamba unalalamika kwanza kwa benki yako, kwa maandishi. Usiporidhika, au wakikaa kimya, unapeleka Benki Kuu. Benki Kuu ina tawi hapa Mwanza, haihitaji mtu kusafiri kwenda Dodoma wala Dar, na hakuna ada ya wakili kwa sababu huhitaji wakili. Wanachotaka kuona ni kwamba ulianza kwa benki: barua yako yenye muhuri wa kupokelewa, na jibu lao kama lipo. Ukikimbilia mahakamani kwanza, mlango huo unaweza kuufunga mwenyewe.

Na kitu ambacho hakijaguswa: taarifa za mikopo. Benki zinapeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na kampuni zenye leseni zinaandaa ripoti ambazo benki nyingine zinazisoma kabla ya kukukopesha. Akaunti ya mkopo ikishafunguliwa kwenye mfumo, inawezekana imeshakwenda huko. Omba ripoti yako mwenyewe uone. Mteja ana haki ya kupinga taarifa isiyo sahihi na irekebishwe. Usipoangalia, utakwenda SACCOS au benki nyingine utaambiwa una deni la milioni 15.

Muuguzi wa Buhongwa

Wakuu, narudi na mrejesho. Nilikaa kimya kwa kuwa nilitaka nije na kitu kamili.

Barua mbili niliziandika usiku baada ya zamu, moja ya mwajiri na moja ya benki. Ya mwajiri ilifanya kazi haraka, mhasibu aliniambia yeye hana tatizo kusimamisha ilimradi ana karatasi ya kumlinda. Mshahara uliofuata umekuja bila ule mstari.

Ya benki iliandikwa hivi: nimesaini tarehe fulani, meneja amesaini tarehe hiyohiyo, fedha haikutolewa, nimeambiwa kwa simu kwamba umefutwa. Naomba, kwa maandishi, sababu ya kufutwa na kifungu kilichotumika. Kurejeshwa kwa 432,825 iliyokatwa. Kufungwa kwa akaunti ya mkopo. Barua ya kutodaiwa. Kurekebishwa kwa taarifa zangu za mikopo. Na kulipwa milioni 4 za awali ya kiwanja ikiwa nitazipoteza. Nikaambatisha slipu, taarifa ya akaunti, ukurasa wenye saini mbili na muhuri, na ukurasa wa madhumuni ya mkopo.

Mpokeaji wa mapokezi alisita kugonga muhuri, akasema ngoja meneja. Nikasubiri kwenye benchi mpaka meneja akatoka, akaisoma akiwa amesimama, akaigonga mwenyewe. Nampa haki yake, hakunijibu vibaya. Alisema kitu kimoja ambacho kimenikaa: barua ya kumwambia mwajiri asimamishe makato ilikuwa imeshachapwa, ilikuwa kwenye faili, haikuwahi kutumwa.

Matokeo mpaka sasa. Makato yamerudishwa kwenye akaunti. Akaunti ya mkopo imefungwa, nimeona kwenye simu haipo tena. Barua ya kutodaiwa ninayo. Ripoti ya taarifa za mikopo niliiomba, na Wakili ulichosema kilikuwa kweli: ilinionyesha nina mkopo hai wa milioni 15. Nimeipinga kwa kuambatisha barua ya kutodaiwa, na sasa inasoma umefungwa, salio sifuri.

Sababu wameandika: "marekebisho ya ukomo wa mikopo kwa mwajiri husika". Kuhusu milioni 4 wamekataa, wakitaja kifungu kilekile cha uwezo wa mkopaji kulipa. Yaani kwenye aya moja wanasema sababu ni mwajiri, kwenye aya inayofuata wanatumia kifungu cha mkopaji, barua moja.

Kijana wa Mkolani

Hongera dada kwa kusimama. Hiyo barua yao imekusaidia kuliko walivyodhani. Na mwenye kiwanja anasemaje?

Muuguzi wa Buhongwa

Nilimfuata na barua ya benki mkononi ili asidhani namzungusha. Ni mzee wa makamo, akaisoma yote. Amekubali kuniongezea muda, tumeandika nyongeza kwa maandishi mbele ya mashahidi walewale, na amekubali salio nimlipe kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza natarajia kuipata kwenye SACCOS ya kazini, maombi yameshapita kamati. Safari hii nimejaza madhumuni kwa kirefu, na nimeomba nakala ya kila karatasi kabla sijainuka kwenye kiti.

Jambo jingine ambalo sikulitegemea: wenzangu kazini waliosaini na benki hiyohiyo kipindi hicho tumejikuta wengi. Mmoja alikuwa ameshakatwa zaidi ya mara moja na alidhani ndivyo inavyokuwa, kwamba hela huja baadaye. Mwingine ni dereva wa gari la wagonjwa, yeye alifunga mkopo wake wa zamani kwa hela ya kuazima kwa sababu aliambiwa huu mpya hautatoka bila kufunga ule. Ule amefunga, huu hajapewa, na aliyemwazima anataka chake. Huyo ndiye ninayemwonea uchungu zaidi, hasara yake ni kubwa kuliko yangu.

Wakili Kanda ya Ziwa

Huyo dereva aje na ushahidi kwamba benki ndiyo iliyomtaka afunge mkopo wa kwanza. Ujumbe wa simu, barua, hata mstari kwenye masharti ya mkopo mpya. Kama sharti hilo limeandikwa kwenye mkataba, amelitekeleza na upande wa pili haukutekeleza wa kwake, hoja yake ina uzito. Kila mmoja aandike barua yake mwenyewe kwa benki, kwa sababu hasara zinatofautiana, lakini Benki Kuu mnaweza kwenda pamoja.

Ngosha wa Buzuruga

Nimebadili mawazo kwenye sehemu moja. Benki kujizuia kutoa fedha bado naielewa. Kumwambia mtu afunge mkopo wa kwanza halafu umwache hapo, hapana. Hata mnadani ukishamwambia mtu auze ng'ombe wake ili umpe nafasi, unampa nafasi. Dereva asaidiwe.

Mikopo Zamani

Kwa walio ndani ya benki wanaosoma hapa, na najua mpo: mwajiri akifungiwa, orodha ya mikopo iliyosainiwa na haijatolewa mnayo kwenye mfumo. Ni kazi ya mchana mmoja kumpigia kila mtu na kutuma barua za kusimamisha makato. Niliwahi kuifanya, inawezekana.

Na kwa wanaokopa kupitia mwajiri binafsi: kabla ya kusaini, muulize mhasibu wenu wa mishahara kama makato ya mikopo ya mwezi uliopita yameshapelekwa benki. Swali hilo moja linakuonyesha kitakachotokea makao makuu kabla makao makuu wenyewe hawajakwambia.

Muuguzi wa Buhongwa

Tumepeleka malalamiko tawi la Benki Kuu hapa Mwanza, mimi, dereva na wenzetu, kila mmoja na faili lake. Nakala zetu zimegongwa muhuri. Aliyetupokea alipitia viambatisho karatasi kwa karatasi, akamrudisha mwenzetu mmoja ambaye hakuwa na barua ya kwanza kwa benki, kwamba aanze huko ndipo arudi. Kwa hiyo wanaojiandaa, msije bila hiyo barua.

Dereva amepata ujumbe wa afisa mikopo kwenye simu yake ya zamani, unamwambia afunge mkopo kwanza ili mpya utoke wiki hiyohiyo. Tumeupiga picha na tumeuchapisha. Majibu yakitoka nitayaweka hapahapa kwenye uzi huu.